Taarifa Hupanda Juu, Mgonjwa Huvuka Mikono Mitupu

Mazungumzo ya leo yanamgusa kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la zahanati na daftari mkononi, akisubiri jina lake liitwe. Yanahusu taarifa zake za matibabu. Zinakaa wapi? Nani anaziona? Na siku akihamishiwa kituo kingine, je, zinamfuata?

Swali hilo la tatu ndilo la leo. Zinamfuata?

Kwa miaka kadhaa sasa Wizara ya Afya na TAMISEMI, inayosimamia halmashauri, zimekuwa zikihimiza vituo vya tiba viachane na makaratasi, na vingi vimeitikia. Lakini kituo kinaweza kujaa kompyuta na bado kisiwe tayari kupokezana mgonjwa na kituo cha pili. Hapo ndipo penye kazi, na hapo ndipo mazungumzo haya yatakapokaa.

Tuanzie Ihanda. Kata hii ya wilaya ya Mbozi ina Vwawa upande mmoja, makao makuu ya mkoa wa Songwe, na upande mwingine ina Tunduma, mji wa mpakani unaopakana na Nakonde ya Zambia. Anayeumwa hapa ana njia nyingi za kutafuta tiba, na huzitumia zote. Homa ikianza anakwenda zahanati ya karibu. Isipopoa anapanda gari kwenda Vwawa. Kama imemkuta Tunduma kwenye shughuli zake za biashara, anatibiwa hukohuko, aghalabu kwenye kituo binafsi. Wapo wanaokwenda Mbozi Misheni, hospitali ya Wamoraviani waliyoizoea tangu enzi za wazazi wao. Ugonjwa ukiwa mzito zaidi wanapelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Na wapo wenye ndugu Nakonde ambao wakiugulia huko hutibiwa na Wazambia.

Basi hesabu, msikilizaji: mtu mmoja, mwili mmoja, vituo sita. Kila kituo kina daftari lake au kompyuta yake, na kila kimoja kinamjua kwa siku ile tu aliyofika pale.

Chukua mfano wa mama mjamzito. Hudhurio la kwanza kliniki anapewa kadi. Muuguzi anaandika humo tarehe ya hedhi ya mwisho, mimba ni ya ngapi, kama aliwahi kujifungua kwa upasuaji, kundi la damu, wingi wa damu, shinikizo la damu, kipimo cha kaswende, kipimo cha VVU, dawa za kukinga malaria alizomeza mbele ya mhudumu. Mama anaitia kadi kwenye mfuko wa nailoni isilowe, anaifunga ndani ya khanga, anaondoka nayo. Huku nyuma muuguzi yuleyule anavuta kitabu kikubwa namba 6 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, kile kinachofunguliwa kikaenea meza nzima, na kuyaandika mambo yaleyale upya, safu baada ya safu, kwa mstari mmoja mrefu unaovuka kurasa mbili. Mwisho wa mwezi anahesabu: wajawazito wapya wangapi, waliopimwa damu wangapi, waliopungukiwa damu wangapi. Hesabu hizo zinakwenda wilayani na kuingizwa kwenye mfumo wa DHIS2, unaotumika nchi nzima tangu mwaka 2013.

Kwa hiyo aliye Dodoma, akifungua kompyuta yake, anaweza kuona ni wajawazito wangapi wa Mbozi waliokuwa na upungufu wa damu mwezi uliopita. Si jambo dogo hilo. Hesabu hizo husaidia kupanga dawa na bajeti.

Sasa njoo usiku wa uchungu. Mama ameanza kutokwa na damu, amepakiwa kwenye gari, kadi imebaki nyumbani chini ya godoro. Anafika Vwawa. Mkunga aliye zamu anamtazama mtu asiyemjua kabisa. Unaitwa nani? Hii ni mimba ya ngapi? Uliwahi kufanyiwa upasuaji? Kundi lako la damu? Mama mwenye maumivu hayo atajibu nini? Wizara inajua wapo wajawazito wenye upungufu wa damu, na mkunga hajui kama huyu aliye mbele yake ni mmojawao.

Hilo ndilo neno la leo, na litarudiwa: taarifa hupanda juu, hazivuki pembeni. Kutoka zahanati kwenda wilaya, wilaya kwenda mkoa, mkoa kwenda wizara, njia ipo na inapitika. Kutoka zahanati kwenda hospitali anakolazwa mgonjwa, njia ni karatasi ya rufaa na kumbukumbu ya mgonjwa mwenyewe. Karatasi hiyo huwa na sehemu ya kurudisha majibu kwa aliyemtuma mgonjwa: tulimkuta na nini, tulimpa nini, mfuatilie hivi. Waulize waganga wa zahanati ni mara ngapi sehemu hiyo huwarudia ikiwa imejazwa.

Wala asilaumiwe mtu kwa hilo. MTUHA iliundwa miaka ya tisini kwa kazi ya kuhesabu. Taifa lilitaka kujua malaria ni kiasi gani na chanjo zimefika wapi, na kwa kazi hiyo vitabu vile vimetumika vizuri. Ila kumhesabu mtu hakumtibu. Mfumo uliojengwa kuhesabu hauanzi kumfuatilia mgonjwa kwa sababu tu umehamishwa kutoka kwenye kitabu kwenda kwenye kompyuta.

Je, hakuna mifumo ya kompyuta inayoandika mgonjwa mmoja mmoja? Ipo, tena mingi. TAMISEMI ina GoTHOMIS, unaotumika katika hospitali, vituo vya afya na zahanati za halmashauri. Unamwandikisha mgonjwa, unatoa ankara, unaonyesha dawa zilizobaki stoo, unaandaa madai ya bima. Halmashauri nyingi ziliupenda kwanza kwa sababu ya makusanyo: fedha iliyokuwa ikipotea dirishani ilianza kuonekana. Kliniki za CTC zina mfumo wao wa kufuatilia wanaotumia dawa za kufubaza makali ya VVU, na huo ni wa zamani kuliko GoTHOMIS. Chanjo za watoto nazo zina mfumo wake. Hospitali za mashirika ya dini na za watu binafsi hununua programu zao zenyewe. Serikali ilipoandika mkakati wake wa afya ya kidijiti wa 2019 hadi 2024, ilitaja mifumo zaidi ya 160 inayohusiana na afya nchini. Zaidi ya 160! Kila mmoja uliletwa na mwenye nia njema, mradi huu na mradi ule, na kila mmoja ukaja na namna yake ya kumwandika mtu.

Ili mifumo hiyo ielewane, mambo machache sharti yawepo. Kila kituo kiwe na namba moja inayojulikana na wote. Hilo Tanzania inalo, kwenye masjala ya vituo ya wizara. Ugonjwa uitwe kwa alama zilezile kila mahali, maana huwezi kuandika homa ya matumbo kwa namna tatu ukategemea kompyuta ijue ni kitu kimoja. Na pawe na mtambo katikati unaopokea taarifa za huyu na kuzifikisha kwa yule. Wizara imeujenga, na ulianza na hospitali kubwa. Kiufundi, basi, nchi haijalala. Tusikae sana hapo, kwa sababu shida ngumu zaidi ziko kwenye benchi la zahanati.

Ya kwanza ni jina.

Mgonjwa ni nani? Huku Songwe majina ya ukoo kama Simbeye, Sichone, Siame na Sinkala yamejaa pande zote mbili za mpaka. Tia jina la ubatizo mbele yake na utapata watu wengi wenye jina hilohilo, kijiji hadi kijiji. Halafu mtu huyohuyo huandikishwa kwa jina la baba zahanati, kwa jina la mume Vwawa, na Tunduma akajitambulisha kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama alivyozoea kuitwa. Tarehe ya kuzaliwa? Wazee wengi hutaja mwaka tu, na mwaka wenyewe ni wa kukadiria. Kompyuta itawaona watu watatu. Au, na hili ni baya zaidi, itawaona watu wawili kuwa mmoja, na mgonjwa akapewa dawa inayomdhuru kwa kufuata historia ya mwenzake.

Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ingesaidia, ila kwa kawaida hupewa aliyefikisha miaka 18. Na watoto je, ambao ndio wateja wakubwa wa zahanati? Hapa Songwe pana jambo la kujivunia. Mwaka 2013, RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, walipoanza kuwapa watoto wa chini ya miaka mitano vyeti vya kuzaliwa kwenye vituo vya tiba na ofisi za kata, na kutuma taarifa zao kwa simu, mkoa waliouanzia ulikuwa Mbeya, na Mbozi wakati huo ilikuwa ndani ya Mbeya. Mkoa wa Songwe ulizaliwa 2016. Watoto walioandikishwa mwanzoni kabisa, wengi wao sasa wana umri wa sekondari. Namba ya cheti kile ingeandikwa kwenye kila kadi ya kliniki tangu siku ile, leo Mbozi ingekuwa na kizazi kizima kinachotambulika katika kila kituo. Nafasi hiyo bado ipo kwa wanaozaliwa leo.

CTC wenyewe wana namba nzuri, haina mchezo. Inaanza na alama za mkoa, wilaya na kituo, kisha namba ya mteja. Imewasaidia wengi kuhama kituo bila kukatiza dawa. Ila inaishia mlango wa CTC. Mteja huyohuyo akienda kutibiwa malaria chumba cha pili, jengo hilohilo, anakuwa mtu mpya.

Tuvuke mpaka kidogo, maana ukizungumzia Tunduma bila Nakonde umezungumza nusu.

Malori ya Dar es Salaam kwenda Lusaka na Lubumbashi hupita hapa mchana na usiku. Kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa Oktoba 2019 na Rais Magufuli na Rais Lungu, ili mzigo ukaguliwe mara moja tu, kwa nchi zote mbili. Mzigo, naam. Dereva je? Dereva anayetumia dawa kila siku, iwe ya VVU, ya kisukari, au ya kifua kikuu ambayo humezwa miezi sita bila kukosa, akikwama ng'ambo anaanza upya kujieleza. Zambia ina mfumo wake uitwao SmartCare, wa tangu katikati ya miaka ya 2000. Walioubuni walijua vijiji vyao havina mtandao, wakaamua mgonjwa mwenyewe aibebe rekodi yake: anapewa kadi yenye chipu, kituo kinaisoma, kinaongeza yaliyofanyika leo, anaondoka nayo. Wazo zuri sana kwa mahali pasipo na intaneti. Lakini kadi hiyo ikifika Tunduma haina wa kuisoma, na kadi ya CTC ya Tunduma ikifika Nakonde inasomwa kwa macho tu, kama muuguzi ataelewa safu zake.

Mei 2020 jambo hilo lilionekana wazi. Korona iligunduliwa kwa watu wengi Nakonde, na Zambia ikaufunga mpaka kwa siku kadhaa. Malori yalisimama, madereva wakalala barabarani. Sababu za kufunga zilikuwa za ugonjwa wenyewe, lakini siku zile zilionyesha kwamba nchi mbili zilizojenga jengo moja la kukagua mzigo hazikuwa na daftari moja la kuaminiana kuhusu afya ya anayeuendesha. Kahawa ya Mbozi ikitoka AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, huondoka na karatasi zinazoonyesha imetoka chama gani na ina uzito gani, na kila anayeipokea mbele huziamini. Mtu anayevuka Tunduma bado hana karatasi ya namna hiyo.

Wasikilizaji, mpaka hapa tumesema mambo mawili. Kwamba taarifa hupanda juu na hazivuki pembeni. Na kwamba mgonjwa hajulikani kuwa ni yuleyule. Sasa la tatu: nani anaandika?

Fikiria zahanati yenye wahudumu wawili. Mmoja yuko likizo ya uzazi. Aliyebaki anapokea wagonjwa, anapima, anachoma sindano, anagawa dawa, anazalisha, na kila anayeondoka anamwacha na vitabu vya kujaza: namba 5 ya wagonjwa wa nje, namba 7 ya watoto, namba 12 ya waliojifungua. Leo anaambiwa kuna kishikwambi kipya, naye aingize humo kila kitu. Na vitabu? Navyo aendelee kuvijaza, mpaka atakapoambiwa vinginevyo. Kazi moja imekuwa mbili. Atafanyaje? Mchana ataandika kwenye kitabu, jioni akipata nafasi ataingiza kwenye kompyuta, na umeme ukikatika ataingiza kesho au keshokutwa. Rekodi iliyoingizwa keshokutwa haimsaidii mkunga wa Vwawa usiku wa leo.

Hapa ndipo mipango mingi imeanguka, na haifai kumtupia lawama mhudumu. Mfumo unaomwongezea kazi bila kumpunguzia yoyote hauna haki ya kudai uaminifu wake.

Kuna mahali walilifikiria hilo mapema. Februari 2001, kwenye kituo cha afya cha Mosoriot, kijijini karibu na Eldoret nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walianzisha mfumo mdogo wa kompyuta, ukisaidiwa na betri na umeme wa jua. Muuguzi hakulazimishwa kuchapa. Mgonjwa alipewa fomu moja akifika, akaizungusha chumba hadi chumba, na karani wa mlangoni ndiye aliyeiingiza kwenye kompyuta kabla hajaondoka. Walipopima, muda wa mgonjwa kukaa kituoni ulikuwa umepungua kwa takriban moja ya tano. Kutokana na kazi ile ya Eldoret, mwaka 2004 ikaanza OpenMRS, programu ya bure ambayo leo inatumika katika nchi nyingi duniani. Kituo cha kijijini, Afrika Mashariki, na dunia ikaja kujifunza pale! Na jambo la kwanza lililowekwa sawa lilikuwa nani ataandika, saa ngapi.

Tanzania nayo iliwahi kuwa na makarani wa aina hiyo, hasa kwenye CTC, wengi wakilipwa na miradi ya wafadhili. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kazi za namna hiyo zilitikisika katika nchi nyingi za Afrika. Kompyuta zinabaki mezani, na wa kuzijaza anapungua. Kwa hiyo anayeuliza kama kituo kiko tayari, asihesabu mashine. Aulize: karani yupo, na mshahara wake unatoka kwenye bajeti ya nani?

Na umeme je, na mtandao? Mkongo wa taifa wa mawasiliano umefika Tunduma na kuungana na Zambia. Uwezo huo uko jirani, lakini bado kuna mhudumu anayetuma ripoti kwa bando la simu yake mwenyewe. Mfumo wa zahanati sharti uweze kufanya kazi mtandao ukiwa umekatika, ukahifadhi, kisha ukatuma wenyewe ukirudi. Programu ya namna hiyo inawezekana na ipo. Anayekuja na programu inayoganda kila mtandao unapokatika arudi nayo alikotoka.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini. Siri.

Mtu wa Ihanda mwenye VVU anaweza kuamua kuchukua dawa Tunduma, au mbali zaidi, akalipa nauli kila mara, ili tu asikutane na jirani kwenye benchi. Kila mhudumu wa CTC anawajua wateja wa namna hiyo. Ukimwambia mtu huyo kwamba taarifa zake sasa zitaonekana katika kila kituo, umemwambia nini? Umemwambia kwamba binamu yake anayefanya kazi mapokezi Vwawa atajua. Nauli zote zile alizilipa bure. Je, hatajificha? Hatabadilisha jina? Hataacha dawa kabisa? Mfumo uliojengwa ili umsaidie utakuwa umemfukuza.

Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 2020 nchini Finland, nchi tajiri na yenye sheria kali, wezi wa mtandaoni walitangaza kwamba wameiba mazungumzo ya siri ya wagonjwa wa kituo cha tiba ya akili kiitwacho Vastaamo, wakawatumia wagonjwa mmoja mmoja ujumbe wa kudai fedha. Maelfu ya watu waliomsimulia mtaalamu mambo ambayo hata wenzi wao hawakuyajua! Kama hilo limetokea huko, ni wajibu kulifikiria mapema huku.

Tanzania inayo sheria. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa majibu ya vipimo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na inakupa wewe haki ya kuziona zako na kuomba zirekebishwe zikiwa na kosa. Ina tume yake, iliyozinduliwa na Rais Samia Aprili 2024. Ni sheria njema. Lakini je, mhudumu wa zahanati ameisikia? Nenosiri la kompyuta limebandikwa ukutani, au kila mtu ana la kwake? Karani akiacha kazi, ruhusa yake inafungwa siku hiyohiyo?

Na wakati tukisubiri mifumo mikubwa, wahudumu tayari wanapokezana taarifa. Kwa WhatsApp. Mganga wa zahanati anapiga picha majibu ya vipimo, anamtumia mwenzake wa hospitali, anauliza nifanyeje. Mara nyingi anaokoa maisha kwa picha hiyo, na anastahili shukrani. Ila picha imebaki kwenye simu binafsi, simu ambayo kesho itaibiwa stendi au itachezewa na watoto nyumbani. Haja ya kupokezana taarifa, basi, haihitaji kuthibitishwa na mtaalamu kutoka nje. Wahudumu wenyewe wameithibitisha kwa vidole vyao. Wanachokosa ni njia salama.

Estonia, nchi ndogo ya Ulaya, inayo njia hiyo tangu 2008. Rekodi za mgonjwa zinapatikana nchi nzima, lakini kila anayezifungua huacha alama, na mgonjwa mwenyewe anaweza kuingia na kuona: nani amenichungulia, lini. Daktari asiye na sababu ya kufungua rekodi yako ataulizwa. Kwa mtu wa Ihanda, kipengele hicho kimoja kina thamani zaidi kuliko skrini zote za rangi. Mruhusu apate ujumbe kwenye simu yake ya kawaida kila rekodi yake inapofunguliwa, na binamu wa mapokezi atafikiria mara mbili.

Je, kuna mfano wetu wenyewe wa taarifa kumtangulia mgonjwa? Upo, na unafanya kazi kwa simu tu. Ni m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022. Mama mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga akipata dharura, inapigwa namba 115, bila malipo. Mratibu anauliza dalili, anatafuta gari la wagonjwa, au dereva wa kijijini aliyeandikishwa kwa kazi hiyo, kisha anakiarifu kituo kinachompokea kwamba anakuja mgonjwa wa namna hii. Wakati gari liko njiani, wanaompokea wameshaanza kujiandaa. Maneno machache yamewahi kabla ya mgonjwa. Ungeongeza hapo kundi lake la damu na mimba ni ya ngapi, kutoka kwenye mstari ule mrefu wa kitabu namba 6, ungekuwa umefika mbali.

Na huenda ndiyo njia ya kuanzia kwa vituo vya Songwe: mambo machache ya kuokoa maisha yavuke kwanza. Kundi la damu, mzio wa dawa, dawa anazotumia sasa, upasuaji aliowahi kufanyiwa, mimba. Historia nzima itafuata baadaye. Uingereza ilitaka kuunganisha rekodi zote za hospitali zake kwa mpango mmoja mkubwa ulioanza 2002, na mwaka 2011 serikali yao ikauvunja baada ya mabilioni ya pauni. Mbozi haina mabilioni ya kujaribia.

Kuna haraka pia. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Bima ikifika kila kaya, mgonjwa atakuwa na uhuru wa kutibiwa mbali na kwao, na mfuko wa bima hautakubali kulipia kipimo kilekile mara tatu kwa sababu vituo vitatu havikuambiana majibu. Shinikizo la kuunganisha mifumo litakuja, tutake tusitake. Likija kwa ajili ya madai ya fedha peke yake, tutapata mfumo mwingine wa kupandisha taarifa juu.

Mwananchi ana nafasi gani? Anayo, tena ya kisheria. Kila zahanati na kituo cha afya cha umma kina kamati ya usimamizi, yenye wajumbe kutoka miongoni mwa wananchi. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za uendeshaji zimekuwa zikiingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati hiyo hupitisha mpango wa matumizi. Betri ya akiba, bando la kituo, posho ya karani: vyote vinaweza kuombwa humo. Mwaka mpya wa fedha huanza Julai mosi, na mipango hutayarishwa miezi mingi kabla. Mjumbe wako wa kamati anaitwa nani? Mkutano wa kijiji ukiitishwa, muulizeni mambo haya matatu: mama akihamishiwa Vwawa usiku, taarifa zake zinafikaje; nani anaandika kwenye kompyuta, na analipwa na nani; na nani mwingine anaweza kufungua jina langu.

Wenye kadi za kliniki, andikeni kundi la damu na dawa mnazotumia kwenye karatasi ndogo, wenzi wenu wajue ilipo. Na namba ya m-mama, kwa ambao hawakuwa na kalamu, ni moja, moja, tano.